Kicheko Kilichomtoa Tunu

Wiki jana niliwaacha makaburini, na wapo walionipigia simu kunisuta kwamba mtu mzima haachi wenzake makaburini akaenda zake. Samahani. Kung'uteni vumbi la magotini, mkae. Ya leo ni mazito kuliko ya kuzika.

Kwa aliyechelewa kufika: mimi ni Idrisa, gadi mstaafu wa treni, mkazi wa Isevya hapa Tabora. Mwanangu wa pekee, Zamda, alifariki kwa maradhi ya moyo, akaniachia mtoto wake wa kike, Tunu, wa darasa la tatu. Baba yake Tunu ni Mzaramo aliyekwenda Msumbiji kutafuta maisha, maisha yakamficha hukohuko. Upande wake amebaki kaka yake mmoja, Adinani, mkulima wa tumbaku huko Usinge.

Adinani alikuja matangani. Na matangani ndiko nilikofanya jambo ambalo wiki zote hizi nimelizunguka kwa hadithi za treni na nyuki, nikijua mnacheka na mimi najificha.

Leo nalisema.

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walishuka pwani na mizigo mabegani, wakapita kwao, wakagombana nao, wakachoka kugombana, wakaanza kutaniana. Pembe ya ndovu aliyobeba babu wa babu yangu, ncha ilipoingia Bagamoyo, shina lilikuwa bado Kwihara, hapa Tabora, linaaga watu. Msiniulize alikataje kona.

Basi msibani mtani ana ruhusa zake. Atajilaza kaburini aseme nafasi hii ni yake. Atateka sufuria ya wali, au kiti cha shehe, au hata mtoto wa marehemu, na harudishi mpaka wafiwa watoe jogoo wa kukomboa. Watu wanacheka, machozi yanapata mahali pa kupumzika. Siku ya kuanua matanga, mtani hurudisha mwenyewe alichoteka.

Adinani alimteka Tunu. Akampakia kwenye pikipiki mbele ya jamvi zima la wanaume, akapaza sauti:

"Wanyamwezi, nimeshika mali. Leteni jogoo, la sivyo mtaniona Usinge."

Kila mtu akanigeukia mimi. Mimi ndiye bingwa wa maneno pale mtaani, na nilikuwa sijacheka tangu Zamda alazwe. Kifua kilikuwa kimejaa mpaka shingoni. Nikaona hapa ndipo pa kutolea pumzi.

Nikaenda bandani, nikamkamata jogoo wa Tunu mwenyewe, aliyemlea tangu kifaranga, akampa jina la Meneja. Nikampakatisha Tunu jogoo wake, nikamwambia Adinani:

"Huyu si wa kukomboa. Huyu ni nyongeza. Mchukue mtoto na jogoo wake juu, anakula sana huyu, atanimaliza."

Jamvi lote likalala kwa kicheko. Rafiki yangu Shaban, fundi cherehani, alishindwa kusimama, akakaa chini kabisa. Hata Tunu alicheka. Alikuwa kamkumbatia Meneja, pikipiki ikaondoka inapiga honi, na mimi nikampungia mkono kama anakwenda harusini.

Hicho ndicho kicheko nilichokuwa nawaficha.

Matanga yakaanuliwa. Adinani hakutokea.

"Atakuja," alisema Shaban. "Anakuongezea utani huyo. Anataka umwendee, kisha akutangaze mpaka kwao Kisarawe kwamba Mnyamwezi kalia."

"Simwendei. Mtani hurudisha mwenyewe."

"Haendewi," Shaban akakubali, akatunga uzi kwenye sindano.

Ndivyo tulivyolelewa. Ukimfuata mtani kudai mateka, umeshindwa, na utatungiwa nyimbo. Nikakaa barazani na jibu langu tayari mdomoni, namngoja aje nimrushie.

Tulimzika Zamda mahindi yakiwa ya magotini. Yakapanda kifuani, yakachanua, mimi nangoja.

Katikati hapo nilimpigia simu, kwa utani uleule.

"Mtani, lete mateka wangu."

"Mateka gani, mzee? Mtoto wa mdogo wangu yuko kwa baba yake mkubwa."

"Na jogoo je?"

"Tulimchinja siku ileile tuliyofika. Alikuwa mtamu."

Nikacheka. Wallahi nilicheka, nikidhani bado tunacheza. Simu ilipokatika nikabaki nimeishika sikioni, na kicheko kikanikauka taratibu, kama maji kwenye mchanga. Nilijua Tunu alivyompenda yule jogoo. Lakini hata hapo sikuondoka barazani. Nilijiambia, kesho ataleta mtoto. Kesho.

Mahindi yakafika ya kuchoma.

Siku hiyo nilikuwa nawasimulia watu jinsi nyuki wa Igalula walivyopanda treni daraja la pili bila tiketi, na mimi gadi nikakosa wa kumshusha. Simu ikaita, namba siijui. Nikaipokea huku nacheka.

"Shikamoo baba. Wewe ndiye babu yake Tunu?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Levina, jirani wa Adinani hapa Usinge. Namba yako kaniimbia mwenyewe."

Nikasimama. Ile namba nilimfundisha Tunu kwa wimbo wa kipuuzi nilioutunga mimi, asije akapotea sokoni.

"Yuko wapi?"

"Kalala kwenye mkeka wangu. Baba, huyu mtoto anachumishwa tumbaku ingali na umande, anafunga majani mabichi kwenye fito, halafu anaachwa kuchochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku. Majani yamemlevya. Anatapika tangu asubuhi, hata maji hayakai. Na baba yake mkubwa ameshatuma mtu, anamtaka arudi kazini. Nimzuieje? Si wangu."

"Mzuie."

"Kwa neno la nani, baba?"

Nikamwambia nakuja.

Cherehani ya Shaban ilikuwa imenyamaza. Aliingia ndani, akatoka na koti lake la mvua, akanivalisha.

Nikapanda treni ya kwenda Kaliua. Miaka yangu yote kwenye reli sikuwahi kukaa behewani bila kumsimulia mtu jambo. Safari ile, kijana mmoja alinitambua, akasema, "Mzee Idrisa, tupe ile ya nyuki." Nikageukia dirishani.

Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, pale Kaliua, nilimkuta binti wa umri wa Zamda, raba zimejaa udongo, miwani kaipandisha kichwani. Anaitwa Advera.

"Nani alimpa huyo Adinani mtoto?"

"Alimteka."

"Kwa nguvu?"

"Kwa utani."

Akaishusha miwani machoni. "Mzee wangu, mimi ni wa Bukoba. Hayo ya utani wenu nayasikia tu harusini. Nieleze kama unamweleza mgeni."

Nikamweleza. Tulipofika kwenye jogoo akanisimamisha.

"Ukasema anakula sana?"

"Nilisema."

"Mtoto akisikia?"

"Alikuwa kwenye pikipiki. Alisikia."

"Matanga yalipoisha ukafanya nini?"

"Nilingoja."

Akanyanyuka, akachukua funguo za gari.

"Ya nani alimpa nani, mahakama itayachambua. Mtoto akiwa kwenye hatari, sheria haitutaki tukae tunasikiliza kesi. Tunamtoa kwanza, tunampeleka mahali salama, halafu ndiyo tunakwenda kwa hakimu kueleza kwa nini tumemtoa. Twende tumpitie askari wa dawati la watoto."

Nilimpenda binti yule kwa maneno hayo. Ningemzaa mimi, ningeringa. Sikujua kwamba maneno hayohayo yatanigeukia kabla jua halijashuka.

Usinge tulimkuta Levina kaketi mlangoni kwake, kigoda kimeziba mlango mzima, ungo wa mchicha mapajani. Adinani kasimama mbele yake, suruali imekunjwa, mikono mieusi.

"Mama, nipishe nimchukue mwanangu."

"Nikimaliza mchicha."

"Mchicha huo umeuanza tangu nimekuja mara ya kwanza."

"Una mchanga mwingi."

Advera akajitambulisha. Askari akasimama pembeni, mwanamama mtaratibu, mikono nyuma. Adinani hakukimbia wala kufoka. Aliduwaa.

"Kosa langu nini? Wangu nao wako bani, wanafunga fito palepale. Sikumtenga."

"Na hao nitawaona," alisema Advera. "Tunaanza na anayetapika."

Ndipo Adinani akanigeukia.

"Mzee, waambie. Mimi nilipiga utani wa jogoo mmoja, kama desturi. Wewe ndiye uliyesema nimchukue, na nyongeza ukanipa. Njia nzima nikafikiri, huyu mzee kafiwa, amechoka, anaona haya kutamka, ndiyo maana kalisema kwa mzaha. Nikasema basi, mtoto ni wetu pia. Tena hukuja. Ningejuaje?"

Nikamtazama usoni nitafute mwizi. Sikumwona. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Levina akavuta kigoda. Tunu akatoka.

Alikuwa amepungua mpaka gauni linamtangulia. Viganja vimeshika utomvu wa tumbaku, vyeusi, vinanata, kavishikilia mbali na nguo kama si vyake.

"Bibi Tunu," nikamwita, kama ninavyomwita nyumbani.

"Shikamoo babu," akasema. Kama anavyomwamkia mwalimu mkuu.

Nikafungua mikono. Hakuja.

Advera akachuchumaa mbele yake. "Tunu, huyu unamfahamu?"

"Ni babu."

"Ungependa kurudi kwake?"

Tunu akafikiri. Kisha hakumjibu Advera. Alinijibu mimi.

"Babu, siku hizi sili sana," akasema. "Muulize mama Levina."

Levina akajifunika uso kwa ungo. Mchicha wote ukamwagika.

Nilitaka kusema ulikuwa utani, bibi, babu alikuwa anacheza. Askari akambeba Tunu mpaka garini. Nikafuata, nikashika mlango nipande. Advera akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Hapana, mzee."

"Mimi ndiye niliyeleta habari."

"Na wewe ndiye uliyetoa jogoo. Wewe na Adinani nyote mmo kwenye shauri hili. Mpaka mahakama iseme, hakai kwake wala kwako."

"Atakaa kwa nani?"

"Kuna mama pale Kaliua, Imakulata, ameandikishwa kupokea watoto wa dharura kama huyu. Tunapita zahanati kwanza awekewe maji, kisha kwake."

"Simjui huyo Imakulata."

"Huhitaji kumjua. Mimi namjua."

Gari likaondoka. Safari hii sikupunga mkono. Adinani na mimi tukabaki tumesimama uani kwa Levina, watani wawili, hakuna mwenye neno la kumtania mwenzake.

Sasa niwapeleke mahakamani.

Mlio na picha ya kizimba na majoho, ifuteni. Shauri la mtoto linasikilizwa chumbani, mlango umefungwa, hakuna wasikilizaji. Ni meza na viti. Hakimu, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, aliingia akatukuta tumeshaketi, akatuashiria kwa mkono tusisimame. Kumbukeni hilo, litakuja kunidai. Advera alikuwa chumba cha pili na Tunu.

Adinani akaeleza yake vilevile alivyoeleza uani. Hakuongeza wala hakupunguza. Kisha akaitwa Shaban, kwa kuwa alikuwepo jamvini. Rafiki yangu wa baraza moja, amenishonea kanzu ya harusi, amemshonea Zamda sanda.

"Ulimwona mzee Idrisa akimkabidhi mtoto kwa huyu bwana?"

"Nilimwona, mheshimiwa."

"Alisema nini?"

"Alisema amchukue, anakula sana."

"Alikuwa anamaanisha?"

Shaban akajikuna shingo. "Mheshimiwa, huyu tangu tuko wadogo hajawahi kumaanisha kitu."

"Na nyinyi mlifanya nini?"

"Tulicheka."

"Wote?"

"Mimi nilikaa chini."

Hakimu hakucheka. Hakukunja uso pia. Aliandika, akafunga kalamu, akasema anakwenda kuongea na mtoto. Akaingia chumba cha pili.

Alikaa huko. Mimi nilikuwa najisemea kimoyomoyo, anasema hataki kwangu. Anasema babu kaniuza. Nilijaribu kukumbuka hadithi yoyote ya kuniliwaza, ya nyuki, ya pembe, hata moja haikuja.

Hakimu akarudi, akaketi.

"Mzee Idrisa, mtoto hajasema hakutaki."

Shaban akashusha pumzi kwa niaba yangu.

"Amesema anajua msibani watu hutekwa. Mama yake alimwambia naye alitekwa akiwa mdogo, kwenye msiba wa bibi, akarudishwa na pipi mkononi. Kwa hiyo siku ile hakuogopa. Alikuwa anasubiri matanga yaishe." Akafungua kalamu. "Ameniomba nikuulize jambo moja, nimpelekee jibu. Matanga yalipoisha, mbona hukuja?"

Jibu la kweli mnalijua. Mmelisoma hapo juu. Niliogopa kuchekwa. Mtoto alikuwa anavuta moshi wa bani na mimi nalinda jina langu barazani, Wazaramo wasije wakaniimba. Ni jibu fupi, linatoshea kiganjani. Nikajaribu kuliinua, nikashindwa. Nikawaza: hakimu akilisikia, atasema huyu hafai kulea hata kuku. Na Tunu akilisikia, itakuwaje?

Nikafungua mdomo.

"Nilikuwa naumwa, mheshimiwa."

"Pole. Ulikuwa unaumwa nini?"

Hapo ningesema homa, yakaisha. Lakini mimi uongo ukishanitoka haukubali kutembea peke yake, unataka ndugu zake wote.

"Miguu. Siku ya kuanua matanga iliniishia nguvu, ikakataa kunibeba. Nikawa mtu wa kulala chali. Kugeuka nageuzwa. Uji nalishwa kwa kijiko."

"Na sasa?"

"Nguvu inakuja na kuondoka, mheshimiwa. Nilipopigiwa simu ilikuwa imerudi kidogo, ndiyo nikaweza kusafiri. Leo tena imekataa. Nimeingizwa humu kwa kushikwa mkono. Nikiinuka peke yangu naanguka."

Adinani, aliyenikuta nimeshaketi, aliniangalia kwa huruma ya kweli. Shaban alikuwa anasoma kamba za viatu vyake.

"Pole sana, mzee," alisema hakimu, akaandika. Akaingia tena ndani kupeleka jibu.

Safari hii hakukawia. Aliporudi, miwani alikuwa ameishika mkononi.

"Nimemwambia. Amelia."

Nikatazama mlango wa chumba cha pili.

"Si kwa hasira. Ameuliza kama umepona. Kisha ameuliza nani anakupikia uji, na kama huyo mtu anajua kwamba hunywi bila ndimu."

Nikainamisha uso mezani. Sioni haya kuwaambia, nilifurahi. Mtoto wangu ameniamini. Nimemrudisha, nikasema moyoni. Kwa uongo mmoja na ndugu zake wachache nimemrudisha, na nitautunza uongo huu kama mboni ya jicho mpaka niingie kaburini.

"Basi," alisema hakimu, "mahakama inaona hivi."

Akasoma taratibu, bila kuinua macho.

"Mtoto alitolewa kwenye hatari, na kutolewa kwake kulikuwa sahihi. Babu anampenda mjukuu, hilo sina shaka nalo, na sababu ya kutomfuata ameieleza. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa kuja na kuondoka, anayegeuzwa kitandani na kulishwa kwa kijiko, akikabidhiwa mtoto ambaye bado anapata nafuu, siku miguu ikikataa nani atamwona mtoto? Atakuwa mtoto ndiye anayemuuguza babu. Sitambebesha mzigo huo."

"Mheshimiwa," nikasema.

"Nimalize, mzee. Kwa sasa mtoto anabaki kwa mama Imakulata. Bwana Adinani awatoe watoto wote kwenye kazi ya bani, na afisa ustawi awe anamtembelea. Ikithibitika amebadilika, na kwa kuwa ana nguvu na nyumba yenye mke, yeye ndiye nitakayemfikiria kwanza. Babu atamwona mjukuu wake afya yake itakaporuhusu."

Adinani akashtuka, akanitazama kana kwamba ameniibia.

Nilikuwa nimempoteza. Na safari hii hapakuwa na pikipiki wala jamvi la watu wa kucheka. Nilikuwa nimemtoa mwenyewe, mara ya pili, kwa mdomo uleule.

"Yupo mwenye neno kabla sijatia sahihi?" akauliza hakimu.

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka. Advera akamleta Tunu asikie uamuzi. Viganja vilikuwa vimesuguliwa vikang'aa, weusi umebaki kwenye kucha tu. Akanyoosha moja kwa moja mpaka kwenye kiti changu, akasimama karibu kabisa, akaweka kiganja kimoja kwenye goti langu, kidogokidogo, kama anayegusa kidonda.

"Babu, usiinuke," akasema. "Utaanguka."

Shaban akaniminya bega. "Idrisa," akaninong'oneza, "sema basi."

Kalamu ya hakimu ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Nikinyamaza, Tunu anakwenda kwa watu baki akijua babu yake alikuwa mgonjwa. Nikisema, anajua leo, hapa, kwa macho yake, kwamba babu yake alikuwa mzima barazani anakula mahindi ya kuchoma.

Tunu akalibana goti langu kwa mikono yote miwili, nisije nikainuka.

Nikashika ukingo wa meza. Nikasimama.

Miguu ilinishika imara, kama ya kijana, na Tunu akawa anaitazama.